Namba mbili na namba tatu: venye unapanga mabeki wanne wasivuje

Bao tunalofungwa sana huku mitaani halianzi na kipa. Krosi inatoka kushoto, inapita juu ya vichwa vya masentabeki, mabeki wa katikati, wote wawili, na kule kwa mlingoti wa mbali kuna jamaa amesimama peke yake, anapiga kichwa, wavu. Halafu timu nzima inageukia kipa, "si ungetoka!", na namba mbili, beki wa kulia, ambaye huyo jamaa alikuwa mgongoni kwake, anainama kufunga kamba za njumu. Nimeliona hilo bao mara nyingi sana, nimelifungwa nikicheza na nimelifungwa nikifundisha.

Nafundisha timu ya vijana hapa Eastlands, Nairobi, mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni, mechi Jumapili, uwanja ni murram na kokoto. Naandikia mtu kama mimi, mwenye vijana 16 na mipira mitatu na saa moja na nusu kabla giza liingie. Watu wanaongea juu ya fulbeki, yaani beki wa pembeni, namba mbili wa kulia ama namba tatu wa kushoto, akiwa na mpira, venye anapanda, venye anapiga krosi, na ni poa, lakini mechi nyingi zinapotelea kwa fulbeki ambaye hana mpira, na zaidi yule aliye upande ambao mpira haupo. Huyo ndiye nataka tumshughulikie, na hao wengine watatu kwa ajili yake.

Hatua ya kwanza: tembea uwanja wako

Kabla hujamwambia mtu asimame wapi, pima. Sheria inaruhusu upana wa mita 45 hadi 90, na viwanja vya mechi kubwa unazoona kwa tivi mara nyingi ni mita 105 kwa 68. Wetu ni mwembamba kuliko huo na hata haulingani mwanzo mwisho, kona moja imeliwa na njia ya bodaboda. Tembea laini hadi laini kwa hatua ndefu, andika mahali, halafu gawanya kwa nne.

Kwa uwanja wa mita 68 kila beki anabaki na mita 17 za kulinda. Hakuna binadamu anaweza kulinda mita 17 peke yake mbele ya winga mwenye mbio, hata umpe mapafu mawili ya ziada. Kwa hivyo mabeki wanne hawalindi upana wote. Wanalinda upande wenye mpira pamoja na katikati, na ule upande wa mbali wanauacha wazi makusudi, juu mpira ukitoka laini moja kwenda nyingine unakaa hewani kitambo. Usiwaambie tu, waonyeshe: chukua kijana mwenye mguu mzito apige mpira wa juu kutoka kushoto hadi kulia, na wote mhesabu kwa sauti, moja, mbili, karibu tatu. Huo ndio muda mlio nao wa kuhama mstari mzima. Tangu tuhesabu hivyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini namba mbili amesimama mbali hivyo na winga wake.

Uwanja ukiwa mwembamba mnakimbia kidogo, lakini jua pia mpira wa kurushwa utafika ndani ya boksi kama kona, kwa hivyo upangie watu wake kabisa.

Hatua ya pili: kamba

Nenda hadwea ununue kamba ya manila, kata vipande vitatu vya mita tisa tisa. Fulbeki wawili wanashika ncha moja kila mmoja, masentabeki wanashika mbili, moja kila mkono. Washike kwa mkono na waweze kuachilia. Mara ya kwanza niliwafunga kiunoni, mmoja akajikwaa kwa jiwe akamvuta mwenzake, goti likachubuka vibaya na mimi ndiye niliyefunga hiyo kamba, kwa hivyo tafadhali, mkononi tu.

Kanuni ni hii: kamba ikikaza mmeachana, ikiburuta chini mmesongamana. Inatakiwa iwe imelegea kidogo, inaning'inia karibu na magoti. Simama mbele yao mita 20 hivi na mpira mikononi, tembea kwenda kushoto polepole, waache wahame na wewe. Rudi kulia. Fanya hivyo dakika tano bila kuongea na utaona mwenyewe nani analala, mara nyingi ni yule wa mwisho upande wa mbali, kamba yake itakuwa inakaza kila saa kwa sababu wenzake wameshahama na yeye bado anaangalia winga aliyesimama huko pembeni akifunga soksi.

Wakishazoea, ongeza kitu kimoja. Weka chupa nne za maji mbele yao, moja karibu na kila laini ya pembeni na mbili katikati, ukisimama kwa chupa yule beki aliye karibu nawe atoke mbele mita mbili tatu kama anakuja kukaba, na wale wengine watatu wabaki nyuma yake. Mstari sasa haujanyooka, umepinda kama mundu. Aliye karibu na yule aliyetoka anasimama nyuma yake kwa ubavu, kiasi kwamba mwenzake akipigwa chenga yeye ndiye wa kwanza kukutana na mpira. Hiyo ndio inaitwa kukava, na ni neno wachezaji wanatamka kila siku bila kujua linahusu miguu yao iwe wapi.

Kocha Arrigo Sacchi alikuwa anafanya mazoezi ya aina hii pale Milan na mabeki wake Tassotti, Baresi, Costacurta na Maldini. Aliwachezesha bila mpira kabisa, anawaambia mpira uko wapi na wao wanahama, na alitaka kutoka beki wa mwisho hadi straika isizidi mita 25 hivi. Walibeba Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Vijana wangu walipoona kamba walidhani ni mchezo wa watoto, nikawaambia Maldini alikubali kucheza bila mpira, nyinyi ni nani wa kukataa, na wakashika.

Dakika 15 za kamba kila Jumanne. Halafu mpira wenyewe, bila kamba, muwe mnauliza: ingekuwa imekaza?

Hatua ya tatu: winga akiwa mbele yako na mpira

Hapa vijana wengi wanaharibu kwa haraka, wanataka kuunyang'anya mpira sekunde ile ile winga ameupokea. Kazi ya kwanza ya fulbeki ni kumchelewesha. Kimbia kwa nguvu mpira ukiwa bado njiani kumfikia, ukibakisha mita tatu hivi punguza mwendo kwa hatua fupi fupi, simama kwa ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, umbali wa mkono mmoja na kitu. Angalia mpira. Usiangalie miguu wala kiuno wala macho yake, hivyo vyote vitakudanganya, mpira peke yake hauwezi kuenda mahali haujaenda.

Kusimama kwa ubavu kunamaanisha nini hasa? Tuseme wewe ni namba mbili, laini iko kulia kwako, na tumekubaliana kumsukuma winga nje. Simama kidogo upande wa ndani, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kifua kinaangalia laini. Umemfungia mlango wa katikati na umemwachia njia moja tu, pembeni, na laini ya uwanja inakusaidia kumkaba. Akianza kukimbia wewe tayari umegeuka nusu, huhitaji kuzunguka mwili mzima.

Nje ama ndani, hiyo ni kuamua kama timu, si kila mtu na yake. Kama masentabeki wenu ni warefu na wanapenda vichwa, mpeleke nje apige krosi, mtazila. Kama winga anatumia mguu mmoja tu na huo mguu ni wa kuingilia ndani, mpeleke nje pia. Kama katikati mna viungo wawili wakabaji wamejaa na masentabeki ni wafupi, mpeleke ndani kwa hao. Kosa kubwa ni fulbeki kumpeleka ndani wakati kiungo anadhani anapelekwa nje, hapo hakuna mtu popote.

Na kuteleza kwa murram, acha. Si tu kwamba utachubuka paja lote na Jumatatu unashindwa kukaa darasani, ni kwamba ukiwa chini umetoka mchezoni, na beki aliyelala ni nafasi ya bure kwa winga. Teleza tu kama wewe ndiye wa mwisho na hakuna lingine.

Hatua ya nne: yule wa mbali

Hii ndio niliyoandikia yote. Mpira uko kushoto kwenu, namba tatu anamkabili winga, sentabeki mmoja amekava, sentabeki wa pili yuko na straika wao. Namba mbili yuko wapi?

Anaweza kukosea kwa njia mbili. Kama yuko pembeni kulia karibu na winga wake, shida ni hii. Kati yake na sentabeki kuna barabara, na pasi moja ya ndani inapita hapo. Kama ameingia ndani lakini amegeuka mzima kuangalia mpira, winga wake sasa yuko mgongoni, na mtu wa mgongoni hukimbia lini? Wakati wewe umeganda ukiangalia mpira.

Mahali pake ni hapa. Chora kwa akili mstari kutoka mlingoti wa mbali kwenda mbele uwanjani, mpira ukiwa karibu na laini ya upande ule mwingine asimame karibu na huo mstari, kamba ikiwa imelegea vizuri kati yake na sentabeki. Mpira ukirudi katikati naye anatoka nje kidogo. Mwili wake uko wazi, bega moja linaelekea mpira na lingine linaelekea mtu wake. Halafu namfundisha mikono: mkono mmoja unyooshe kwa mpira, mwingine unyooshe kwa mtu. Kama huwezi kunyoosha yote miwili bila kujipinda shingo, umesimama vibaya, rudi nyuma hatua mbili. Mazoezini wanafanya kweli kweli kwa mikono, kwa mechi wanafanya kwa macho. Na anabaki kati ya mtu wake na goli, hata kama mtu wake anaonekana yuko mbali na hana haraka.

Krosi ikija asirudi nyuma akiutazama mpira juu, hivyo ndivyo unarukiwa kichwani. Aende kuukuta mpira, na ikiwa hauwezi kufikiwa basi amguse mtu, bega kwa bega bila kusukuma, ili huyo mtu asiruke akiwa huru.

Kuna mechi msimu uliopita tulikuwa tunaongoza moja bila, dakika za mwisho, na likaingia bao lile lile. Namba mbili akaja kwangu macho mekundu, "Kocha, mimi nilikuwa naangalia mpira." Nikamwambia najua, mpira uliuona vizuri, sasa niambie jezi namba gani ilifunga. Hakujua. Hakuwa amemuona huyo mtu kwa muda wote wa hiyo shambulizi, na huyo mtu alikuwa hatua nne kutoka kwake. Sikumlaumu, juu mimi nilikuwa nimemfundisha krosi na kupanda na mbio, hakuna siku nilimfundisha kugeuza shingo.

Zoezi lake ni rahisi na unaweza kulifanya na watu sita, wewe ukiwemo. Mmoja anapiga krosi kutoka kushoto, mabeki wawili, straika mmoja, na winga mmoja wa mbali ambaye wewe unasimama nyuma yake. Unampa winga ishara ya vidole lini akimbie na wapi, mbele ya beki ama nyuma yake, beki haoni. Na kabla krosi haijapigwa unamuuliza beki kwa sauti, "yuko wapi?", anajibu bila kugeuka. Akikosea, mnarudia. Vijana wanaipenda hii sana, wanashindana.

Hatua ya tano: laini ya ofsaidi, kwa kiasi

Sheria ilivyo: mshambuliaji yuko ofsaidi akiwa kwa nusu ya wapinzani, mbele ya mpira na mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho (kipa akihesabiwa), mpira unapochezwa na mwenzake. Akilingana na huyo mpinzani yuko sawa. Hakuna ofsaidi ya moja kwa moja kwa mpira wa kurushwa, goli kiki ama kona. Hadi 1925 ilikuwa ni mpinzani wa tatu, wakapunguza hadi wawili, na mabao yakaongezeka hadi timu zikalazimika kumrudisha mtu wa katikati kuwa beki, ndio huo ukoo wa sentabeki wetu.

Mtaani mara nyingi mshika kibendera ni mtu amechukuliwa tu kutoka kwa mashabiki, ama hayuko kabisa. Usimfundishe beki kuinua mkono na kusimama. Mfundishe lini mstari unapanda na lini unashuka, ofsaidi ikipatikana ni nyongeza. Unapanda wakati mpinzani amepiga pasi ya nyuma, ama amegeuza mgongo, ama kichwa chake kiko chini anapambana na mpira unaodunda. Unashuka wakati kichwa kiko juu na hakuna mtu anamsumbua, hapo pasi ndefu inakuja, rudini mita tano mapema kabla haijapigwa. Mtu mmoja tu ndiye anaita, kwetu ni sentabeki wa kushoto kwa sababu ana sauti, na maneno ni mafupi: "panda", "shuka", "mtu!", "yangu!". Kipa anasaidia na "kushoto" na "kulia". Wakianza kuita watu watatu mstari unakatika, ni afadhali kimya.

Hatua ya sita: kupanda

Sasa raha. Kila namba mbili wa Nairobi anataka kupanda, na sina shida na hilo, Eric Ouma wa Harambee Stars tunamwita Marcelo na kila mtu anajua jina hilo linatoka wapi, kwa yule fulbeki wa Brazili. Lakini kupanda kwa fulbeki kunalipwa na mtu mwingine, na lazima umjue huyo mtu kabla hujaondoka.

Watu wanakumbuka mafulbeki wa Brazili, Cafu na Roberto Carlos, Kombe la Dunia 2002, wote wawili wamo mbele, Brazili ikawapiga Ujerumani 2-0 fainali kule Yokohama. Wanasahau kwamba nyuma walibaki Lúcio, Edmílson na Roque Júnior, masentabeki watatu, na Gilberto Silva mbele yao. Liverpool vile vile, msimu wa 2018-19 Trent Alexander-Arnold alitoa pasi za mabao 12 kwa ligi na Andrew Robertson 11, mafulbeki hao, na kila mmoja akipanda kulikuwa na kiungo amejipanga kuziba na sentabeki van Dijk amesimama nyuma na nafasi yote anaiona. Ukichukua krosi yao bila kuchukua waliobaki, umechukua nusu.

Kanuni ninayotumia: hesabu washambuliaji wao waliobaki mbele, ongeza mmoja, hao ndio mnabaki. Wameacha straika mmoja? Masentabeki wawili wanatosha na kiungo mkabaji karibu, fulbeki wote wanaweza kuenda. Wameacha wawili? Watatu wanabaki, kwa hivyo fulbeki mmoja tu ndiye anapanda, na yule wa pili anaingia ndani pembeni ya masentabeki, tena hapo anaangalia mgongo wake kama nilivyosema. Kwetu tumekubaliana mpira ukiwa upande wako wewe ndiye unapanda, wa upande wa pili anabaki, hakuna mjadala, na hata ukiwa na hamu namna gani ukimuona mwenzako ameenda unakaa.

Lini? Vijana wanaondoka mapema, wanafika mbele kabla ya mpira na wanasimama hapo kama mti, beki wa wapinzani anawamaki wote wawili kwa urahisi. Ngoja winga wako apokee na ageuke kuangalia ndani, beki wao amfuate, hapo ndipo unapita nyuma yake kwa laini kwa kasi yote. Beki sasa ana watu wawili na sekunde moja. Winga akikupa, piga krosi mara ya kwanza ama ya pili, usianze kurudi nyuma kutafuta mguu mzuri. Asipokupa, umemfungulia yeye njia ya ndani na mbio zako hazijapotea, kwa hivyo usikasirike, na wewe kocha mpigie makofi huyo aliyekimbia bila kupewa, juu hiyo ndio kazi haionekani.

Na wakati mwingine winga amesimama kwa laini kabisa, basi fulbeki apite ndani yake badala ya nje. Ni nzuri sana kwa uwanja mwembamba.

Mpira ukipotea ukiwa huko juu, hapa ndipo naona makosa ya kila wiki: fulbeki anarudi mbio kufuata njia ile ile aliyopandia, pembeni kwa laini, akikimbizana na winga mgongoni. Kata kona. Kimbia moja kwa moja kuelekea mlingoti wa karibu, ndio njia fupi na ndio mahali hatari iko. Sentabeki wa upande wako atakuwa ametoka kumzuia winga, wewe unachukua nafasi yake, hambadilishani tena hadi mpira utoke. Na yule kiungo mkabaji ashuke katikati ya masentabeki, asikimbilie mpira.

Hatua ya saba: fulbeki wa ndani

Mnaona kwa tivi fulbeki anaingia katikati awe kiungo. Kocha Guardiola alianza hivyo na Philipp Lahm pale Bayern mwaka 2013, na Manchester City waliposhinda Ligi ya Mabingwa 2023 John Stones alikuwa beki anayesogea kuwa kiungo. Faida ni kwamba ukipoteza mpira tayari una watu wengi katikati. Kwa murram yetu sipendekezi. Mpira unadunda ovyo, na pasi ikipotea hapo katikati fulbeki akiwa ameondoka pembeni ni bao. Kama una kijana mmoja mtulivu sana na uwanja wa nyasi bandia, jaribu kwa mechi ya kirafiki, nusu saa.

Hatua ya nane: mkibaki kumi

Wengi wetu tulikuwa Kasarani ama mbele ya tivi tarehe 10 Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Harambee Stars na Moroko. Ryan Ogam akafunga kipindi cha kwanza, kabla ya mapumziko tukapata kadi nyekundu, na kipindi kizima cha pili Stars walikuwa kumi, ikaisha 1-0. Moroko hao hao ndio walikuja kubeba kombe kwa uwanja huo huo tarehe 30. Sijawahi kupiga kelele hivyo, na nilirudi nyumbani bila sauti.

Kwenu mkibaki kumi, usitoe beki. Toa straika mmoja, cheza wanne na wanne na mmoja mbele, sogeza mistari hiyo miwili ikaribiane hadi mtu akinyoosha mkono wa mbele na wa nyuma awe karibu kumfikia mwenzake. Fulbeki hawapandi tena, wote wawili, hata nafasi ikionekana tamu namna gani. Mawinga wenu wanashuka kuwa mabeki wa pili, kwa hivyo fulbeki sasa anaweza kuingia ndani zaidi kwa sababu mbele yake kuna mtu wa kumchelewesha winga wao. Krosi zitakuja nyingi, ziache zije kutoka mbali. Mnachokataa ni pasi ya kupita katikati ya sentabeki na fulbeki. Na mpira mkiupata usiupige tu mbele, upige kwa kona yao, mbali na goli lenu, halafu mstari wote upande mita 15 kwa pamoja, mpumue.

Siku ya mechi simama nyuma ya goli

Kocha anasimama pembeni kwa laini na hapo huoni mstari, unaona mtu mmoja aliye mbele yako. Kipindi cha kwanza achia msaidizi laini, nenda nyuma ya goli lenu, na chukua karatasi. Usiandike mabao wala pasi. Chagua fulbeki mmoja tu, na kila shambulizi likiwa upande wa pili hesabu mara ngapi amegeuza shingo kumtafuta mtu wake, chora mstari mmoja kwa kila mara.

Jumapili iliyopita namba mbili wetu, yule yule, alikuwa na mistari mitatu hadi mapumziko. Nilimwonyesha karatasi bila kuongea, akaiangalia akanirudishia, akanywa maji. Kipindi cha pili nilichora 17. Jumapili hii ni zamu ya namba tatu, na hajui bado.